Maswali ya Wasomaji: Mradi umeleta mabadiliko au umeleta ripoti tu?

Mwezi huu barua zimekuja nyingi na cha ajabu karibu zote zinauliza kitu kimoja kwa midomo tofauti, yaani mtu kaletewa mpango wa kuboresha mambo kazini au kijijini au shuleni, mpango umepita, picha zimepigwa, sasa anataka kujua kama kweli umesaidia. Nimechagua chache, zile ndefu nimezipunguza, mnisamehe.

SWALI: Anko shikamoo. Sisi ni kikundi cha akina mama wa dagaa huku Igombe. Tuliletewa mradi wa vichanja vya kuanikia tukaacha kuanika mchangani. Kila baada ya miezi kadhaa wanakuja vijana na tableti wanatuuliza, mmenufaika? maisha yamebadilika? Tunajibu ndiyo, maana tukisema hapana tunaogopa wataondoka na vichanja vyao. Lakini tukikaa wenyewe tunabishana, wengine wanasema faida ipo wengine wanasema ni uchovu tu. Tutaujuaje ukweli wetu? (Mama wa dagaa, Igombe)

JIBU: Marahaba mama, poleni na kazi. Hao vijana msiwalaumu, wametumwa, ila swali lao ni bovu. Mtu katoka mjini kafika mpaka ufukweni, mmemgeuzia ndoo akakaa, anauliza mmenufaika, nani kwa adabu za kwetu atamwambia hapana? Hapo anapima ukarimu wenu, hapimi kichanja. Na ukichanganya na hofu ya kunyang'anywa, jibu linajulikana kabla gari halijapaki.

Nunueni kauntabuku moja, aliyesoma vizuri kati yenu awe mwandishi, muandike vitu vinavyohesabika: mmenunua ndoo ngapi za dagaa wabichi mtumbwini na kwa bei gani, wametoka sado ngapi au magunia mangapi wakavu, wangapi wamenyeshewa wakaharibika, na wakifika soko la Mwaloni pale Kirumba wameuzwa kama dagaa wa kula au dagaa wa kuku. Hilo la mwisho ndo penyewe. Dagaa wa mchangani anabeba mchanga, kila aliyewahi kuusikia ukilia kwenye meno anajua, ndo maana wengi wao wanaishia kwenye chakula cha kuku kwa bei ya chini, kwa hiyo kama kichanja kina maana yoyote itaonekana kwenye daraja la mzigo kabla ya kuonekana mahali pengine popote. Na gharama muandike: nyavu zinachakaa, nguzo zinaliwa na mchwa, na saa mnazotumia kugeuza dagaa nazo ni gharama hata kama hakuna anayewalipa. Huyo mwenzenu anayesema ni uchovu tu msimzomee, inawezekana bei imepanda kidogo na kazi imepanda mara mbili, sasa hapo faida iko wapi?

Halafu kuna mtego ambao wageni wa ziwa hawaujui. Dagaa anavuliwa usiku wa giza kwa taa, zamani karabai siku hizi za sola na betri, mbalamwezi ikikolea taa haivuti kitu na mitumbwi inapumzika. Sasa mtu akipima wiki ya giza kabla ya mradi halafu akarudi wiki ya mbalamwezi baada ya mradi atasema mradi umewaua, akifanya kinyume atasema mmetajirika, na zote mbili anaweza kuziandika na grafu nzuri ya rangi. Linganisheni giza na giza. Wala msilinganishe kiangazi na masika, Julai jua linawaka hata mchangani dagaa anakauka upesi, kichanja kinaonyesha kazi yake mvua zikiwepo, basi Machi na Aprili ya mwaka huu iwekeni pembeni ya Machi na Aprili ya mwaka jana.

Hata hapo bado mama. Bei ya Mwaloni inapandishwa na mambo ambayo wala hayajui kama ninyi mna vichanja, wanunuzi wa Kongo wakija wengi inapanda kwa wote, njia ikiharibika inashuka kwa wote, kwa hiyo mwaka huu kuzidi mwaka jana si ushahidi. Na msijilinganishe tu na mama wasio kikundini, maana waliojiunga mwanzo mara nyingi ndo wale wenye mtaji na wenye mume mwenye mtumbwi, wangewazidi wenzao hata bila mbao moja ya kichanja.

Mimi ningefanya hivi. Chukueni kama mama kumi, kila mmoja akinunua mzigo wake augawe katikati, nusu kichanjani nusu mchangani, siku ileile, mtumbwi uleule. Ipi iende wapi rusheni shilingi, msichague wenyewe kwa sababu mkono wa mtu una upendeleo, dagaa wazuri utajikuta umewapeleka kichanjani. Fanyeni giza mbili tatu, muuze kila nusu peke yake na muandike. Ukiona tofauti hapo hakuna wa kukubishia, maana mama ni yuleyule, jua ni lilelile na mnunuzi ni yuleyule. Na wale vijana wakirudi wafungulieni kauntabuku, mtaona watakavyoacha tableti waanze kupiga picha kurasa zenu.

SWALI: Habari za kazi anko. Mimi ni supavaiza wa shifti kwenye kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza. Kuna mwezi tulikuwa na rijekti nyingi mno mpaka wateja wakalalamika, bosi akaleta mshauri wa kaizen, ile mbinu ya Kijapani ya kuboresha kazi kidogo kidogo, tukapigwa semina, tukabandika mabango, mwezi uliofuata rijekti zikashuka. Bosi anasema jamaa kaokoa kiwanda, anataka kumpa mkataba wa mwaka mzima. Roho yangu inasita, nisemeje bila kuonekana napinga maendeleo? (Supavaiza, Ilemela)

JIBU: Nzuri kaka. Roho yako ina sababu. Angalia mshauri kaitwa lini, kaitwa kwenye mwezi mbaya kuliko yote, na mwezi mbaya kuliko yote kwa kawaida unafuatwa na mwezi wa kawaida hata kama mngekaa mnacheza bao. Mwingereza Francis Galton aliionyesha tabia hii mwaka 1886 kwa urefu wa watu, wazazi warefu sana watoto wao huwa warefu lakini si sana kama wao, wanarudi kuelekea wastani. Rijekti ni hivyohivyo. Kila anayeitwa wakati hali iko chini kabisa anajikuta kapewa sifa, mshauri, mganga, kocha mpya wa timu.

Dawa yake ipo na si ghali. Omba rekodi za rijekti za wiki zote za miaka miwili nyuma, kila wiki pointi moja, piga mstari wa wastani katikati halafu mipaka ya juu na chini. Chati hii aliitoa Walter Shewhart mwaka 1924 akiwa na kampuni ya Western Electric huko Marekani, kazi yake ni kukuambia kipi ni mtikisiko wa kila siku na kipi ni mabadiliko kweli. Mwongozo wa kampuni hiyo wa mwaka 1956 una kanuni moja naipenda sana kwa urahisi wake: ukiona pointi 8 mfululizo ziko upande mmoja wa mstari wa wastani, hapo kuna kitu kimebadilika. Wiki nne za mshauri wako hazitoshi hata ukizipenda vipi.

Na kampuni hiyohiyo, mwaka huohuo 1924, kwenye kiwanda chake cha Hawthorne karibu na Chicago walianza kujaribu taa, waongeze mwanga waone kama kazi inaongezeka. Hadithi iliyoenea dunia nzima ni kwamba kazi ilipanda hata taa zilipopunguzwa, eti kwa sababu wafanyakazi walijua wanaangaliwa. Steven Levitt na John List waliipata ile data ya taa wakaipigia hesabu upya mwaka 2011 na ile hadithi ikapungua nguvu sana, haikuwa safi kama inavyosimuliwa semina. Naitaja kwa sababu naweka dau huyo mshauri wenu aliisimulia.

Sasa maswali ya palepale kiwandani. Mwezi ule mbaya barafu ilikuwaje? Maboti ya kukusanya visiwani yalichelewa? Sangara aliyelegea njiani hakuna bango litakalomfufua. Na je, nani anaamua kwamba hii ni rijekti, ni macho yaleyale au baada ya semina macho yamelainika kwa sababu bosi anataka namba ishuke? Hili ndo ningelichunguza la kwanza. Chukua namba ambayo mezani kwenu hamuwezi kuilainisha: mzigo uliorudishwa na mteja, majibu ya maabara, kilo za minofu mlizopata kwa kila tani ya samaki. Waliokuwepo 1999 Ulaya ilipofunga mlango kwa samaki wa ziwa letu kwa hofu ya sumu wanakumbuka, mnunuzi haulizi mmefanya semina ngapi.

Mi sina ugomvi na kaizen wala 5S, zile hatua tano za kupanga mahali pa kazi. Hospitali zetu zimeipokea tangu ilipoanza kujaribiwa Mbeya mwaka 2007, na Kiswahili chake kimekaa vizuri, Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Shida ni hiyo ya tano. Nne za kwanza mshauri anazipiga picha kabla hajapanda ndege, Shikilia anawaachia ninyi. Kwa hiyo usimwambie bosi kaizen haijafanya kazi, maana na wewe hujui, mwambie mkataba uwe na malipo ya mwisho yanayosubiri wiki 26 za chati. Mshauri anayejiamini atakubali.

SWALI: Mimi ni mtendaji wa kijiji upande wa Sengerema. Tumejengewa vituo vya kuchotea maji, ripoti inasema asilimia mia imekamilika lakini mama zetu bado wako ziwani na ndoo. Niandike nini kwenye taarifa yangu? (Mtendaji)

JIBU: Andika ulichokiona mheshimiwa. Kukamilika ni kwa fundi, maji ni kwa wananchi, hivyo ni vitu viwili na kila kimoja kina safu yake. Pita saa kumi na mbili asubuhi siku tatu tofauti bila kutangaza, hesabu koki zinazotoa maji, urefu wa foleni, na wangapi wanapita wanaelekea ziwani, halafu waulize hao wanaopita kwa nini. Utashangaa saa nyingine bomba linatoa maji vizuri ila bei ya ndoo imewashinda, au mwenye funguo anachelewa kuamka. Hayo mawili hayahitaji pesa ya mfadhili kuyarekebisha, yanahitaji kikao. Usisahau kurudi kuhesabu baada ya kikao.

SWALI: Shikamoo anko, nafundisha shule ya msingi Ukerewe. Tulikuwa wa mwisho kwenye kata matokeo ya darasa la saba. Shirika likaleta vitabu na chati za ukutani, mwalimu mkuu akaanzisha kambi ya kujisomea, mwaka huu tumepanda mpaka katikati. Shirika linasema ni vitabu, mkuu anasema ni kambi, mi nahisi ni watoto tu, darasa hili lilikuwa na vichwa tangu la nne. Nani mkweli? (Mwalimu wa hesabu)

JIBU: Marahaba mwalimu. Wa mwisho hana pa kwenda zaidi ya juu, hilo nimeshamwambia supavaiza hapo juu sirudii. Ila shuleni linauma zaidi kwa sababu shule zenyewe ni ndogo. Kama mna watahiniwa 40, mtoto mmoja ni asilimia 2.5, watoto wanne wakiamka vibaya siku ya mtihani mmeshuka asilimia 10 na afisa elimu anakuja na uso umekunjwa, mwaka unaofuata wanne wakiamka vizuri mnapewa mbuzi. Tangu Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora kitaifa, na mimi kwa upande wangu niliona wamefanya la maana, lakini huku kwenye kata naona orodha bado zinabandikwa ukutani.

Kuhusu vitabu na chati, bahati nzuri majirani zetu wa Busia, Kenya, upande wa pili wa ziwa, walishajaribiwa hayo yote. Chati za ukutani zina kisa kizuri sana. Ukilinganisha kawaida tu, shule zenye chati na zisizo nazo, zenye chati watoto walifaulu zaidi, kila mtu akashangilia. Halafu zikachukuliwa shule 178, nusu zikapewa chati kwa bahati nasibu, na tofauti ikapotea kabisa. Maana yake ni kwamba shule iliyokuwa na chati tangu mwanzo ndiyo yenye mkuu mchakarikaji na wazazi wenye uwezo, chati ilikuwa imekaa tu ukutani ikipokea sifa. Vitabu navyo havikupandisha wastani, vilisaidia wale waliokuwa juu tayari, na sababu ukiisikia unaielewa mara moja: vilikuwa vya Kiingereza, lugha ya tatu kwa watoto wengi wa kule. Michael Kremer aliyekuwa kwenye tafiti hizo alikuja kupata Nobel ya uchumi 2019 pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo.

Kwetu hapa Tanzania kuna jaribio la KiuFunza la shirika la Twaweza, 2013 na 2014, shule 350 kwenye wilaya 10. Kuna shule zilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi, kuna ambazo walimu waliahidiwa bonasi kwa kila mtoto atakayefaulu, kuna zilizopata vyote, na kuna zilizoachwa kama zilivyo. Ruzuku peke yake haikupandisha alama. Bonasi peke yake matokeo yake yalikuwa ya kusitasita. Vyote pamoja watoto walipanda, tena kuliko ukijumlisha kimoja na kimoja. Kwa hiyo mnapobishana ni vitabu au ni kambi inawezekana nyote mnauliza swali vibaya, kitabu bila mwalimu mwenye moto kinalala kabatini na mwalimu mwenye moto bila kitabu anachoka Aprili.

Sasa na wewe na vichwa vyako vya la nne. Hiyo hisia unaweza kuipima leo hii jioni, toa matokeo ya upimaji wa darasa la nne ya watoto walewale uyaweke pembeni ya la saba, halafu fanya hivyohivyo kwa darasa la mwaka jana. Kama hawa walikuwa juu tangu la nne kwa kiasi kilekile, basi si vitabu si kambi, ni darasa. Kama wamepanda kutoka walipokuwa, hapo kuna kitu mmefanya. Kulinganisha watoto tofauti ndo kunatuponza, elimu bila ada ilipoanza Januari 2016 madarasa ya kwanza yalifurika, wale watoto ndo walifika la saba 2022, sasa mtu akiweka 2021 na 2022 kwenye grafu moja akasema walimu wamefanya hivi au vile, anazungumzia vikundi viwili vilivyopita mlango tofauti.

Na kuna jambo nalisema kwa sauti ya chini mwalimu. Hesabu walioandikishwa la nne na waliokaa kwenye chumba cha mtihani la saba. Kama wale wa nyuma wameambiwa kiaina wabaki dagaani siku ya mtihani, ufaulu utapanda na shule itakuwa imeharibika zaidi. Sisemi kwenu ipo. Nasema hiyo namba shirika halitaiuliza, uliza wewe. Hata kambi zenyewe ziangalie kwa jicho hilo, kule Kenya walimu walipowekewa zawadi ya matokeo, alama za mtihani wenye zawadi zilipanda, mahudhurio ya walimu hayakubadilika, walichoongeza ni vipindi vya ziada vya kuandaa mtihani, na faida haikudumu baada ya zawadi kuisha. Wape hao watoto wako maswali ambayo hayafanani na ya kambini, hadithi fupi wasome na hesabu ya kugawa mafuta ya mtumbwi, uone.

SWALI: Anko shikamoo, niko chuo hapa Mwanza, naandika propozo ya mradi wa afya vijijini. Msimamizi wangu anataka niwe na vijiji vya mradi na vijiji vya kulinganisha. Mi naona kama dhambi, kwa nini wengine wanyimwe? (Mwanafunzi, Malimbe)

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza ujue umekaa kwenye mkoa wenye jina kubwa duniani kwa kazi hiyohiyo na inawezekana hujaambiwa. Kati ya 1991 na 1994 watafiti wa hapa nchini na wenzao wa London walichukua jamii 12 za mkoa wa Mwanza, sita zikaboreshewa matibabu ya magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya afya na zahanati zao, wahudumu wakafundishwa, dawa zikahakikishwa, sita zikaendelea na huduma ya kawaida. Baada ya miaka miwili, kwenye zile za mradi watu wazima asilimia 1.2 walikuwa wamepata maambukizi mapya ya virusi vya UKIMWI, kwenye zile nyingine asilimia 1.9. Ukizipima kitaalamu ni punguzo la kama asilimia 40, ikachapishwa kwenye jarida la The Lancet 1995.

Sasa fumba upande mmoja. Chukua jamii za mradi peke yake, unaona nini? Unaona watu wamezidi kuambukizwa, miaka miwili, hela imetumika, asilimia 1.2 wapya. Ungeandika mradi umeshindwa na ungefunga. Zile jamii sita nyingine ndo zilizosema kwamba bila mradi ingekuwa mbaya zaidi. Msimamizi wako hajakutuma kwenye dhambi.

Na kunyima ni pale ulipo na uwezo wa kuwapa wote ukakataa. Propozo ya mwanafunzi ina bajeti ya vijiji viwili vitatu, wengine watakosa tu upende usipende, suala ni nani akose na kwa njia gani. Ikiwa ni kwa bahati nasibu hadharani mbele ya wenyeviti, hakuna mjomba wa mtu atakayependelewa. Au uwape wote kwa zamu, kama walivyofanya Busia na dawa za minyoo, shule 75 kwa makundi matatu, la kwanza 1998, la pili 1999, la tatu 2001, waliosubiri wakawa ndo kipimo cha waliotangulia, na utoro ukapungua kwa kama robo. Ila vijiji vyako visipakane, mtoto aliyepona minyoo hamwambukizi jirani, kwa hiyo jirani naye anafaidi bila kuandikwa na wewe utaona tofauti ndogo kuliko iliyopo.

Halafu usiruke na matokeo ya Mwanza ukadhani ni ya kila mahali. Rakai, Uganda, ziwani hukuhuku, walijaribu kuwatibu watu wote magonjwa ya zinaa kwa pamoja kila baada ya miezi kumi na hawakupata punguzo la maambukizi, ikachapishwa 1999. Njia ilikuwa tofauti na UKIMWI kule ulikuwa umeshaenea kwa muda mrefu zaidi. Soma zote mbili kabla hujaandika sura yako ya pili, na mtihani wa kujitetea watakuuliza hapo.

SWALI: Bosi wetu wa mradi wa vijana anasema matokeo hayakuwa mazuri kwa hiyo kwenye ripoti tuweke idadi ya semina na vijana waliohudhuria, yale mengine tuyapitie kwa lugha laini. Mimi ndo naandika. Nifanyeje? (Naomba usitaje niliko)

JIBU: Sitaji ndugu yangu. Msomee bosi kisa cha MEMA kwa Vijana, mradi wa hapahapa mkoani. Kuanzia 1999 jamii 10 zilipata masomo ya afya ya uzazi kwenye shule za msingi 62 na huduma rafiki kwa vijana kwenye vituo 18, jamii nyingine 10 zikawa za kulinganisha. Walipouliza maswali, vijana wa mradi walikuwa wanajua zaidi na wanasema vizuri zaidi. Walipopima damu na mimba, hakukuwa na ushahidi kwamba maambukizi wala mimba zimepungua. Wangeishia kwenye maswali wangepata ripoti tamu sana na kila mkoa ungeletewa hilo somo kama lilivyo. Badala yake waliyachapisha yote 2007, wakarudi tena 2007 na 2008 kuwapima vijana wakiwa wamekua, picha ikawa ileile, na waliofuata wakajua kumfundisha mtoto darasani bila kugusa mazingira anayorudi jioni hakutoshi. Na jina la Mwanza halikuchafuka kwa hilo.

Kwa hiyo idadi ya semina iweke, ni kweli mlifanya, ila iweke kwenye ukurasa wa matumizi. Ukurasa wa matokeo weka namba mliyoahidi kwenye propozo mwanzoni, weka mliyoipata, na andika mnavyodhani kwa nini hazijakutana. Kama bosi ataifuta mwenyewe, hifadhi nakala yako yenye tarehe kwenye imeili.